Mtoto "Asiyesikia": Historia Fupi ya Istilahi za Usonji

Katika mialo ya Ziwa Viktoria, tangu Kirumba mjini Mwanza hadi visiwa vya Ukerewe, mzazi mwenye mtoto asiyeitika aitwapo kwa jina aghalabu husema neno moja tu: "Hasikii." Neno hili limebeba mzigo mkubwa kuliko lidhaniwavyo. Kwa Kiswahili twasikia sauti, na pia twasikia harufu, twasikia baridi, twasikia maumivu. Na asiyesikia la mkuu huitwa mkaidi. Hivyo mtoto yule yule aweza kupelekwa hospitali akapimwe masikio, au akachapwa fimbo, kwa tafsiri ya kitenzi kimoja. Wasomaji watuwie radhi tukizianzia istilahi za usonji hapo, wala si katika vitabu vya utabibu.

Hata vitabuni jina hili halikuzaliwa safi. Mwaka 1911 tabibu wa Uswisi, Eugen Bleuler, aliliunda kutokana na neno la Kigiriki autos, yaani "mwenyewe", akiwaeleza wagonjwa wa skizofrenia waliojifungia katika mawazo yao. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alilitumia kwa watoto 11 aliowachunguza, na mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaandika juu ya watoto wa namna hiyo. (Bibi Grunya Sukhareva wa Moscow alikwisha kuwaeleza tangu miaka ya 1920, ila sifa yake ilichelewa mno kumfikia.) Kwa kuwa jina lilitaja kujitenga, alitafutwa aliyemfanya mtoto ajitenge, na lawama ikawaangukia akina mama: ati walikuwa baridi kwa watoto wao. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto wa hali hiyo, aliipinga nadharia hii katika kitabu chake cha mwaka 1964. Hata hivyo Bruno Bettelheim aliitetea tena mwaka 1967. Leo yajulikana kwamba hali hii ni ya ukuaji wa ubongo, na kwamba urithi una sehemu kubwa. Ubaridi wa mama haumo.

Kwetu, mtoto huyo alikuwa akitiwa katika majina ya zamani: bubu, zezeta, taahira. Baadaye yakaja mapya. Wako waandikao otizimu, na wako wasemao tawahudi, neno la Kiarabu lenye shina la umoja na upweke. Kwa maoni yetu hili la pili larudia kasoro ile ile ya Kigiriki. Nchini Tanzania lililoenea ni usonji. Wapo walalamikao kuwa neno hili halijielezi. Sisi twaona hiyo ndiyo sifa yake: halimwambii mzazi habari ya upweke, wala laana, wala malezi mabaya. Kadhalika, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imezoesha kalamu za serikali kumtanguliza mtu, kinyume cha ngeli iliyotupa kiziwi, kipofu na kiwete. Kwa hiyo na tuandike "mtoto mwenye usonji".

Lililo gumu zaidi ni suala la hisi. Mwaka 1972 Mmarekani A. Jean Ayres alichapisha kitabu juu ya namna ubongo unavyoziunganisha hisi, na mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukaingiza hisi kali mno, au hafifu mno, miongoni mwa dalili za usonji. Wafasiri wetu wametoa "uchakataji wa hisi". Ni tafsiri sahihi. Lakini mjini Mwanza, tangu viwanda vya minofu ya sangara vianzishwe miaka ya 1990, kuchakata ni kazi ya visu na barafu. Mama wa Igombe aambiwapo kuwa mwanawe ana tatizo la uchakataji, atafikiri nini?

Lugha yetu ina milango ya fahamu tangu zamani, na mlango huweza kuwa wazi mno au kurudishwa. Mvua juu ya bati, injini ya mtumbwi, harufu ya dagaa walioanikwa, ukosi wa sare ya shule: kwa mtoto ambaye milango yake i wazi mno, hayo ni kama kipigo, naye huziba masikio au hulia. Mwenzake ambaye milango yake imerudishwa hurukaruka, hutaka kubanwa kwa nguvu, pengine hagutuki aunguapo. Mama akielezwa hivyo atajua mwenyewe la kufanya: ampitishe mwaloni alfajiri kabla ya umati, amwarifu mapema injini itakapowashwa, amchagulie nguo laini. Mwalimu naye atamkalisha mbali na dirisha la barabarani.

Twapendekeza "uchakataji wa hisi" ibaki katika maandiko ya wataalamu, na kliniki za watoto zitumie "milango ya fahamu". Na katika ripoti za shule neno "hasikii" lisiandikwe peke yake. Mwandishi aongeze ni nini asichosikia mtoto: sauti, agizo, au maumivu.