55 Cancri e

55 Cancri e, ambayo tangu 2015 ina pia jina rasmi la Janssen, ni sayari ya mwamba iliyo nje ya mfumo wa Jua letu, katika kundinyota la Kaa, umbali wa miaka ya nuru 41 hivi. Iko kilomita milioni 2.3 tu kutoka nyota yake. Kwa kulinganisha, Utaridi iko wastani wa kilomita milioni 58 kutoka Jua. Masi ya 55 Cancri e ni takriban mara 8 ya ile ya Dunia, lakini kipenyo chake hakifiki maradufu.

Ilipogunduliwa mwaka 2004 ilidhaniwa kuizunguka nyota yake kwa siku 2.8. Vipimo vilichukuliwa usiku tu, na mapengo ya mchana yakaficha mwendo halisi. Mwaka 2010 Rebekah Dawson na Daniel Fabrycky walirudia hesabu wakapata kama saa 18, na mwaka uliofuata darubini za angani ziliiona ikipita mbele ya nyota kwa muda huohuo.

Upande unaotazama nyota una joto la kutosha kuyeyusha miamba. Habari za "sayari ya almasi" zilizovuma 2012 zilitegemea makadirio ya kaboni ya nyota ambayo baadaye yalishushwa. Linalovutia zaidi ni angahewa: mwaka 2024 darubini ya James Webb ilipata dalili za kabonidayoksaidi au kabonimonoksaidi, huenda ikitoka katika bahari ya lava.