Barua ya Onyo kwa Mtu Aliyesinzia

Lugha yetu haimpendi mtu anayelala. Mtu akizubaa kazini tunamwambia, "Umelala wewe!" Biashara ikidorora tunasema imelala. Kijana asiyejituma tunamwonya asilaze damu. Na maskini kabisa, yule anayefika kitandani akiwa hana tena nguvu za kuvua hata viatu, tumembandika jina la mlalahoi. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini tumeuona usingizi kuwa ni aina ya kosa. Nimejiuliza uzeeni, kwa sababu ya barua moja niliyoiandika mwaka 1986.

Wakati huo nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Nilikuwa na umri wa miaka 38, na nilijivuna kwamba mimi hulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku. Filimbi ya kuamka ililia saa kumi na nusu alfajiri. Mchakamchaka ulianza saa kumi na moja, ukifuatiwa na usafi, gwaride, vipindi, kazi za shambani, na masomo ya jioni mpaka saa nne za usiku. Niliamini kwamba ratiba ya namna hiyo hujenga walimu shupavu. Mwanachuo aliyesinzia darasani nilimsimamisha mpaka kipindi kiishe.

Tulikuwa na mwalimu wa hisabati, mtu mnene, mwenye shingo nene, hodari mno wa kazi yake. Lakini alikuwa akisinzia. Alisinzia katika vikao vya walimu, alisinzia akisahihisha madaftari, na siku moja alisinzia amesimama ubaoni, chaki mkononi. Usiku mkoromo wake ulisikika nyumba ya tatu. Wanachuo walimtania, nasi walimu tulicheka pamoja nao. Hatimaye nilimwandikia barua ya onyo kwa uvivu na kuishushia hadhi kazi ya ualimu.

Alikuja ofisini na barua ile mkononi. Hakugomba. Alisema, "Mkuu, mimi nalala saa tatu za usiku. Lakini naamka nimechoka kuliko nilivyolala." Nilimjibu kwamba mtu mzima hajitetei kwa maneno kama hayo, kisha nikaitia nakala ya barua katika faili lake. Mwaka uliofuata alihamishwa. Baada ya miaka michache tulipata habari kwamba amefariki kwa kiharusi. Hakufikisha miaka 50.

Ndugu msomaji, nimesema kwamba nilijiuliza dharau hii kwa usingizi imetoka wapi. Kwa hakika haikutoka kwa babu zetu peke yao. Wao waliugawa usiku kwa sauti za jogoo, la kwanza na la pili, na wakauweka usiku wa manane, wakati ambao mtu mwema hapaswi kuwa njiani. Giza lilikuwa amri. Nilipokuwa mtoto kijijini, koroboi lilipozimwa ili kuokoa mafuta ya taa, hapakuwa na la kufanya ila kulala.

Amri hiyo ilivunjwa na viwanda na taa. Katika viwanda vya Uingereza vya karne ya 19, watu wazima na watoto walifanya kazi saa 12 na zaidi kwa siku. Mwaka 1879 Thomas Edison wa Marekani alionyesha balbu yake iliyoweza kuwaka kwa muda mrefu, na mwaka 1882 kituo chake cha umeme kikaanza kuwasha taa katika sehemu ya mji wa New York. Tangu hapo mashine haikuwa na sababu ya kusimama jua likizama, na mtu aliyeihudumia alitakiwa afanane nayo. Edison mwenyewe aliuhesabu usingizi kuwa ni upotevu wa wakati. Hata hivyo, mtu huyo huyo alikuwa na kitanda kidogo katika maktaba ya maabara yake, akijinyoosha mchana anapochoka. Mimi nilikuwa na tabia ile ile: baada ya chakula cha mchana nilifunga mlango wa ofisi na kulaza kichwa mezani. Sikuwahi kuuita uvivu.

Waliodai haki ya kupumzika hawakuwa wavivu. Mwaka 1817 Robert Owen, mzaliwa wa Wales aliyekuwa mwenye kiwanda, alitoa wito kwamba siku igawanywe mafungu matatu yaliyo sawa: kazi, burudani na mapumziko. Mwaka 1856 mafundi wa mawe wa Melbourne, nchini Australia, waliweka vifaa vyao chini, wakaandamana, na wakapata siku ya kazi ya saa nane. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mkataba wake wa kwanza kabisa, lilihusu jambo hilo hilo. Kila Mei Mosi niliwaongoza walimu wangu katika maandamano, nikiwa sina habari kwamba usingizi wa mfanyakazi ulikuwa mmoja wa mizizi ya sikukuu ile.

Sayansi nayo ilichelewa. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba mtu akilala ubongo huzimika kama taa. Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, alifaulu kunasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walitangaza kwamba kuna nyakati za usiku ambapo macho ya mtu aliyelala huenda mbio chini ya kope, na akiamshwa wakati huo mara nyingi husimulia ndoto. Ikadhihirika kwamba usingizi ni kazi yenye zamu zake, kila zamu ikichukua kiasi cha dakika 90. Katika usingizi mzito moyo hupunguza mwendo na msukumo wa damu hushuka. Ubongo huyapanga yale tuliyojifunza mchana. Mtu anayenyimwa kazi hiyo usiku baada ya usiku hulipa kwa mwili wake.

Sasa nifike kwenye ugonjwa wa mwalimu wangu. Katika riwaya ya Charles Dickens iliyoanza kutoka mwaka 1836 yumo kijana mnene aitwaye Joe, mtumishi anayelala kila mahali na kukoroma hata akiwa kazini. Wasomaji walimcheka kwa karibu miaka 120. Ilipofika 1956 ndipo madaktari wa Marekani walipomweleza mgonjwa wao mmoja, mnene na mwenye kusinzia, na wakaipa hali yake jina lililotokana na kitabu kile. Mwaka 1965 watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani, kila upande kivyake, walionyesha kwamba kuna watu ambao koo lao huziba wanapolala. Pumzi hukatika, hewa hupungua katika damu, ubongo hushtuka na kumwamsha mtu kwa nukta chache, naye huvuta pumzi kwa kishindo na kulala tena. Jambo hilo laweza kutokea mara nyingi katika saa moja, na asubuhi mhusika hakumbuki lolote. Kila mshtuko hupandisha msukumo wa damu. Ndiyo maana watu hao huandamwa zaidi na presha, maradhi ya moyo na kiharusi. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan wa Sydney alieleza tiba yake: mashine ndogo inayosukuma hewa puani usiku kucha ili koo lisizibe.

Haya yote yalikwisha kuandikwa miaka mitano kabla ya barua yangu.

Nami niliyajua mwaka 2011, nilipokuwa nimekwisha staafu. Nilikwenda hospitali na mama watoto kwa ajili ya presha isiyosikia dawa. Daktari alikuwa kijana, angeweza kuwa mjukuu wangu. Baada ya shikamoo aliuliza, "Mzee, usiku unakoroma?" Kabla sijajibu, mama watoto akasema, "Mwanangu, waulize majirani." Tukacheka. Kisha kijana akauliza swali la pili: "Na asubuhi unaamka umepumzika, au unaamka umechoka?" Kicheko kiliniishia. Nilimwona mwalimu wa hisabati amesimama mbele ya meza yangu, barua mkononi. Alikwisha kunieleza ugonjwa wake kwa sentensi moja, tena fasaha, nami nikamwambia anajitetea.

Siwezi kuapa kwamba ndio uliomwondoa. Hakupimwa. Lakini siwezi pia kuapa kwamba sio.

Msomaji asije akadhani nawahubiria watu kulala kutwa. Mwaka 2015 wataalamu wa usingizi wa Marekani walishauri kwamba mtu mzima apate angalau saa saba kwa usiku, kwa kuwa kulala pungufu mara kwa mara kunaambatana na kisukari, unene, presha, maradhi ya moyo na huzuni. Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti uliowahusisha Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi pamoja na jamii nyingine za Namibia na Bolivia zisizotumia umeme. Ilionekana kwamba nao hulala kwa wastani wa kati ya saa sita kasorobo na saa saba hivi, wala hawalali jua likizama tu. Kwa hiyo idadi ya saa si msahafu. Mwaka 2017 watafiti wengine walieleza kwamba walipowapima Wahadzabe 33 kwa siku 20, ni dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Karibu wakati wote palikuwa na aliye macho, na wazee walitangulia kulala na kutangulia kuamka. Siku hizi naamka saa tisa za usiku, nami sijisikitikii. Kumbe kila rika lina zamu yake.

Jambo ninalolisisitiza ni moja. Mtu mzima anayesinzia mchana anatoa habari za usiku wake. Huenda ana mtoto mgonjwa, huenda ana kazi ya pili, huenda koo lake linaziba. Mkubwa wa kazi anayeliona hilo na kukimbilia kalamu hajafanya kazi yake.

Ninayo bado nakala ya barua ile katika sanduku langu la makaratasi. Niliisoma tena mwezi uliopita. Ina aya tatu, mwandiko mzuri, na haina kosa hata moja la sarufi. Hakuna swali hata moja ndani yake.