Chumvi ya Katwe na Hesabu Iliyochelewa

Ukishuka kutoka Kasese hadi Katwe utaona vitu viwili kando ya ziwa: mabwawa madogo ya chumvi yanayofanya kazi mpaka leo, na kiwanda kilichokufa. Kiwanda kilijengwa na wahandisi wa Kijerumani kuanzia miaka ya 1970, kikasimama muda mfupi baada ya kuwashwa. Sababu inayotajwa siku zote ni kutu: maji ya ziwa yaliyala mabomba. Ni kweli, lakini historia hii ina upande mwingine, nao ni wa hesabu.

Chumvi yenyewe ni ya zamani. Stanley aliikuta ikichimbwa mwaka 1889, na Lugard akajenga Ngome ya George hapo mwaka 1891, maana aliyeishika Katwe alishika biashara ya eneo zima.

Bwawani maji hutulia. Jua huyakausha polepole, na punje huanza kama kiini cha nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), kisha hukua. Ndani ya bomba la moto mambo ni mengine. Maji huenda kwa vurugu. Hapa yamekolea, sentimita moja mbele hayajakolea. Viini huzaliwa kwa wingi, hugongana, hushikamana, vingine huganda ukutani. Tena maji ya Katwe hayana chumvi ya mezani pekee: yana kaboneti na salfeti, na kila moja huganda kwa wakati wake.

Milinganyo ilikuwepo. Mwaka 1916 Marian Smoluchowski wa Poland alionyesha jinsi ya kuhesabu chembe zinazogongana na kuungana. Mwaka 1956 Saffman na Turner, wakichunguza matone mawinguni, waliingiza vurugu ya hewa. Mwaka 1964 Hulburt na Katz waliandika mlinganyo wa kufuatilia idadi ya chembe kwa ukubwa wake. Kilichokosekana ni kompyuta ya kuviunganisha, kwani kutoka kiini cha nanomita hadi bomba la mita moja ni mara bilioni. Hata leo uigaji wa kompyuta haufuati kila kiini. Hutumia wastani, na makosa hujificha humo.

Kwa hiyo siwalaumu wahandisi wale kwa hesabu. Kwa kutu nawalaumu. Kujua kwamba chumvi hula chuma hakuhitaji kompyuta. Leo mwanafunzi anaweza kuigiza bomba lile upya, ila kwanza itabidi ashuke ziwani na chupa, kiangazi na masika, akachote maji.