Daktari wa Sheria na Lugha za Usambara: Tarehe ya Askofu Edward Steere

Tarehe ya maandishi katika milima ya Usambara haiwezi kutimia bila kumtaja mwanasheria mmoja wa Kiingereza ambaye hakuwahi kuweka makazi Vugha, wala Lushoto, wala Zirai, lakini ambaye mwaka 1867, akiwa Unguja, alitoa kwa chapa kijitabu cha maneno na kanuni za Kisambaa. Mtu huyo ni Edward Steere, askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, shirika la Kianglikana ambalo watu wa Tanga hadi leo hulitaja kwa herufi zake, UMCA. Wengi humkumbuka kwa kanisa la Mkunazini na kwa Injili za Kiswahili. Wasiokumbukwa ni wale walimu waliomfanya kuwa daktari wa sheria miaka minane kabla ya kuwekewa mikono ya upadri, na bila wao ni vigumu kueleza kwa nini kazi yake ya lugha ilikuwa imara kiasi kile.

Fani aliyotoka Steere ilikuwa na ukoo mrefu. Katika Uingereza ya zamani sheria ya kanisa, yaani kanuni zilizohusu ndoa, wosia, zaka na nidhamu ya makasisi, ilifundishwa Oxford na Cambridge bega kwa bega na sheria ya Kirumi. Mfalme Henry VIII alipoachana na Papa alipiga marufuku masomo ya kanuni hizo mwaka 1535, lakini mahakama za maaskofu ziliendelea kukaa, na waliotetea kesi ndani yake walikuwa madaktari wa sheria ya Kirumi waliokuwa na chama chao mjini London, kilichoitwa Doctors' Commons. Mmoja wa watu hao alikuwa John Cowell, profesa wa sheria huko Cambridge na baadaye wakili mkuu wa Askofu Mkuu Bancroft, ambaye mwaka 1607 alitoa kamusi ya maneno ya sheria iitwayo The Interpreter. Kamusi ile ilieleza mamlaka ya mfalme kwa namna iliyowaudhi wabunge, na mwaka 1610 Mfalme James I mwenyewe akatoa tangazo la kuikomesha. Yafaa msomaji aone hapa kwamba kazi ya wanasheria wa kanisa tangu awali ilikuwa kazi ya maneno: kuamua neno lina maana gani, linaishia wapi, na nani ameumia likitumiwa vibaya.

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828, baba yake akiwa wakili katika mahakama ya Chancery, ile iliyotoa haki pale ambapo sheria ya kawaida ilishindwa kuifikia. Hakusoma Oxford wala Cambridge. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, ambacho hakikumlazimisha mwanafunzi kuapa kwamba yeye ni wa Kanisa la Uingereza, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1847, shahada ya sheria mwaka 1848, na udaktari wa sheria pamoja na nishani ya dhahabu mwaka 1850, mwaka uleule alioingizwa katika uwakili kupitia Inner Temple, mojawapo ya vyama vinne vya kale vinavyowaidhinisha mawakili wa Uingereza. Mlango wa Doctors' Commons ulikuwa wa madaktari wa Oxford na Cambridge, na hata hivyo miaka saba baadaye, mwaka 1857, Bunge lilizinyang'anya mahakama za kanisa kesi za wosia na za ndoa, na fani ile ya kale ikaanza kufa. Steere alikwisha kuiacha njia ya mahakama. Alifanywa shemasi mwaka 1856 na kasisi mwaka 1858, akahudumu Skegness na baadaye Little Steeping katika jimbo la Lincolnshire, miongoni mwa wavuvi na wakulima, na katika miaka hiyo ya mwanzo ya ukasisi akahariri kitabu cha Askofu Joseph Butler kiitwacho Analogy, ambacho hoja zake zote zimejengwa juu ya swali la kiwakili: ushahidi wa kiasi gani unatosha kumfanya mtu mwenye busara atende?

Jirani yake huko Lincolnshire, William Tozer, alipofanywa askofu wa misheni mwaka 1863 kushika nafasi ya Charles Mackenzie aliyefariki katika nchi ya mto Shire, Steere alimsindikiza. Walijaribu kwanza kukaa katika mlima Morumbala karibu na Zambezi, wakashindwa, na mwishoni mwa Agosti 1864 wakatia nanga Unguja. Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, aliwapa wavulana watano waliokombolewa kutoka jahazi la watumwa, na kwa wavulana hao ikaanza shule. Steere, ambaye alijua kazi ya chapa kwa mikono yake mwenyewe, aliwafundisha kupanga herufi. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879.

Hapa ndipo mafunzo ya sheria yanapoonekana wazi. Wakili aliyefundishwa vizuri hamtungii shahidi maneno. Humwuliza, humsikiliza, huyaandika kama yalivyotoka, kisha huyapima na maneno ya shahidi mwingine. Kitabu cha Steere cha mwaka 1870, Swahili Tales, kinasema katika jina lake lenyewe kwamba hadithi zake ni kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja, na ndani yake Kiswahili cha wasimulizi kimewekwa mkabala na tafsiri, ili msomaji aweze kumhukumu mfasiri. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili, A Handbook of the Swahili Language, ambacho kiliyapanga majina ya lugha kwa ngeli, umoja na wingi wake pamoja, na kutoa kanuni ambazo mgeni angeweza kuzijaribu sokoni asubuhi iliyofuata. Ludwig Krapf, mmisionari aliyetangulia, alikuwa ameijenga elimu yake juu ya Kimvita cha Mombasa. Steere aliisikiliza Unguja, na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ulichagua lahaja ambayo tayari ilikuwa na sarufi, hadithi na Agano Jipya kwa chapa.

Kuna jambo jingine la Unguja ambalo halina budi kusemwa. Huko Steere alikuta fani ambayo kwao ilikuwa inazimika, bado ingali hai: mtu mmoja kuwa mwanasheria wa dini na mwalimu kwa wakati mmoja. Kadhi wa Unguja aliamua ndoa, talaka na mirathi, akafundisha fiqhi barazani na msikitini, akaandika vitabu, akatumwa na Sultani katika kazi za dola. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa aliyefariki mwaka 1896, alikuwa mmoja wa makadhi wa namna hiyo, na anakumbukwa pia kwa mijadala yake na wamisionari wa Mkunazini. Kwa vipimo vya Cambridge ya mwaka 1607, al-Amawi alikuwa karibu zaidi na Cowell kuliko Steere mwenyewe, na kazi za lugha zilizochapwa Unguja katika miaka ile zisieleweke kana kwamba zilifanywa na wageni peke yao, kwa kuwa wenye lugha walikuwa wasomi waliojua thamani ya walichokuwa wakiulizwa.

Kwa Usambara habari ilianza kwa siasa. Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene, yaani mfalme mkuu wa Wakilindi, ukoo wa watawala wa Usambara, aliyetawala kutoka Vugha, ambaye Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alifariki mwaka 1862, na wazawa wake wakaingia katika ugomvi wa urithi uliovuruga nchi nzima. Mwaka 1867 kasisi C. A. Alington alipanda hadi Vugha kuomba mahali pa kuishi. Wakilindi hawakumtaka mgeni katika mji wa kifalme. Alipewa Magila, chini katika nchi ya Wabondei, mahali ambapo mtu akiinua macho huiona safu ya Usambara ya Mashariki, yenye misitu ya Amani na vijiji vya Zirai. Katika mwaka huohuo wa 1867 mtambo wa misheni Unguja ukatoa kile kijitabu cha Kisambaa, Collections for a Handbook of the Shambala Language. Jina lake linasema ni mkusanyiko tu, na unyenyekevu huo ni wa kweli. Steere alifanya vivyo hivyo kwa Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde: aliandika alichopewa na waliokuwa mbele yake, akaacha nafasi kwa watakaokuja na ushahidi mwingi zaidi.

Nao walikuja. Mwaka 1875, baada ya Steere kuwekwa wakfu kuwa askofu katika Westminster Abbey tarehe 24 Agosti 1874, Magila ilikabidhiwa kwa J. P. Farler, na mwaka 1882 H. W. Woodward akatoa mkusanyiko wa Kibondei kwa jina na mpango uleule wa Steere. Baadaye mtambo wa chapa ulifanya kazi Magila kwenyewe, katika kituo kilichokuja kuitwa Msalabani, na huko, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ilichapwa Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'l-Ajjemy, Mwislamu aliyekuwa amemtumikia Semboja, mwana wa Kimweri. Kitabu hicho, kilichotolewa upya mwaka 1962, ndicho hazina kubwa ya tarehe ya Usambara, na ndani yake Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, anapata ufalme kwa sababu aliwagawia watu nyama na kuwaamulia magomvi yao. Ni haki kumshukuru mwandishi kwanza. Lakini herufi za Kilatini, tahajia, na desturi ya misheni kuchapa maneno ya msimulizi bila kuyafanya mahubiri, vilikuwa vimewekwa na yule daktari wa sheria.

Miaka ya mwisho ya Steere ilijaa kazi nyingi mno. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa mahali pale siku ya Krismasi ya mwaka huo. Masasi ikaanzishwa mwaka 1876 kwa watu waliokombolewa. Na tafsiri ya Agano Jipya ikasonga mbele kitabu kwa kitabu. Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891.

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya kazi yake lilitoka Usambara. Wamisionari Walutheri wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891, na mmoja wa waliowafuata katika misheni hiyo, Karl Roehl, alitoa sarufi ya Kisambaa mwaka 1911, pana kuliko mkusanyiko wa 1867, kisha akageukia Kiswahili. Aliona kwamba lugha ya tafsiri za Unguja imebeba maneno mengi mno ya Kiarabu kwa msomaji wa bara, na Biblia yake ya mwaka 1937 ilijaribu kuyapunguza kwa kuchota katika mizizi ya Kibantu ambayo aliifahamu vizuri kwa sababu ya miaka yake milimani. Makanisa yalisoma zote mbili mpaka tafsiri ya pamoja ilipotoka katika miaka ya 1950, nayo ikafuata Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja.