Chuma cha Wafipa, zebaki ya Lupa: tope la Ziwa Rukwa linasema nini?

Ukishuka kutoka Sumbawanga kupitia ukingo wa Lyamba lya Mfipa, unaliona Ziwa Rukwa limetulia bondeni. Ziwa hili lina tabia moja ya kuzingatia: mito inaingia, hakuna unaotoka. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Metali zinazokuja na udongo wa mito haziondoki hivyo. Nyingi hutuama chini kama mashapo. Yaani tope la Rukwa ni kumbukumbu ya shughuli za watu wanaolizunguka. Kazi ni kuisoma bila kumsingizia mtu.

Tuanze na Wafipa. Wahenga wao walikuwa mafundi chuma hodari. Tanuri lao kubwa, ilungu (wingi malungu), lilijengwa kwa udongo na kufikia urefu wa mita 3 hivi. Halikuhitaji mivukuto: joto la mkaa lilipopanda, hewa mpya ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto, ndipo kikafuliwa jembe au shoka. Kazi hii ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani yalipojaa sokoni.

Sasa, ukichota tope kwenye mto wa Ufipa ukakuta chuma kingi, utasema ni uchafuzi wa malungu? Subiri kwanza. Udongo mwekundu wa huku una chuma kingi kwa asili. Bila huo hata malungu yasingekuwepo. Ndiyo maana kiasi pekee hakitoshi. Mtafiti hulinganisha metali anayoichunguza na alumini, ambayo hutokana zaidi na udongo wenyewe, kisha hupima uwiano huo dhidi ya tabaka za chini, zilizolala kabla ya shughuli inayoshukiwa. Uwiano ukipanda ghafla kwenye tabaka za juu, hapo kuna jambo.

Na jambo la kuhofia zaidi hapa ni zebaki kuliko chuma. Ng'ambo ya ziwa, huko Chunya, dhahabu ya Lupa iligunduliwa miaka ya 1920. Wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Inayomwagika hufuata maji. Inayochomwa hupaa, kisha hurudi ardhini. Kwenye tope, bakteria huweza kuigeuza kuwa zebaki-methili, ambayo huingia kwa samaki na kuongezeka kadiri samaki mmoja anavyomla mwingine. Mwisho wa mnyororo huo ni sahani yako.

Sehemu kubwa ya ziwa imo katika Pori la Akiba la Uwanda, lakini mpaka wa hifadhi unazuia majangili tu, mto hauzuiliki. Tena Rukwa lina kina kifupi na upepo hulivuruga tope, hivyo tabaka huchanganyika. Anayetaka ushahidi safi lazima achague mahali pa kuchimba kwa makini, na tabaka azipatie umri kwa risasi-210, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Lakini ziwa lisilo na mlango wa kutokea halisahau upesi. Malungu yalituachia majembe na mavi ya chuma. Sisi tutaliachia nini tope la Rukwa?