Vitamini Iliyofutwa Jina

Tunapoambiwa leo kwamba mimea hulinda mishipa ya damu, tukumbuke kuwa dai hili limewahi kuinuliwa na kuangushwa.

Mwaka 1936, István Rusznyák na Albert Szent-Györgyi wa Hungaria waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa wanaovuja damu chini ya ngozi hawakusaidiwa na vitamini C safi, bali na dondoo ghafi ya limau na pilipili. Walidhani flavonoidi za mimea hiyo huimarisha mishipa midogo, wakaziita vitamini P. Lakini haikuthibitika kwamba kuzikosa huleta ugonjwa, na mwaka 1950 kamati ya wanasayansi wa Marekani ikapendekeza jina hilo liachwe.

Swali lilifufuka Uholanzi mwaka 1993. Kati ya wazee wanaume 805 wa Zutphen, waliopata flavonoidi nyingi, hasa kwa chai, vitunguu na matufaha, walikufa kwa nadra zaidi kwa maradhi ya moyo.

Maabara nazo zimeonyesha kuwa seli za ndani ya mishipa huumia molekuli kali za oksijeni zinapozidi kinga yake, na kwamba flavonoidi huweza kuiamsha kinga hiyo. Ila dozi ya maabara mara nyingi huishinda ile inayofika kwenye damu, baada ya utumbo na ini kuibadili.

Jina lilifutwa kwa haki. Swali lingali hai. Basi tule vitunguu, tunywe chai, lakini dawa ya presha aliyoandika daktari tusiiache.