Ini Lililosahaulika: Nafasi ya Afrika Mashariki katika Historia ya Malaria, na Maana Yake kwa Bwaise

Historia ya malaria husimuliwa kwa kawaida kama historia ya mbu na damu. Ronald Ross alipomwona kimelea ndani ya mbu mwaka 1897, wengi waliamini kwamba njia yote imejulikana. Mwaka 1903 Fritz Schaudinn alidai kuwa ameona sporozoiti, yaani kimelea atokaye katika mate ya mbu, akiingia moja kwa moja katika chembe nyekundu ya damu. Dai hilo halikuwa sahihi, lakini lilitawala vitabu kwa miongo minne.

Shaka ilikomaa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huko Cairns, Australia, Neil Hamilton Fairley alionyesha kwamba damu ya mtu aliyeumwa na mbu wenye vimelea huweza kuambukiza kwa takribani nusu saa tu, kisha haiambukizi tena kwa siku kadhaa. Vimelea walikuwa wamekwenda wapi?

Jibu lilianza kupatikana katika eneo letu. P.C.C. Garnham, daktari wa serikali ya kikoloni nchini Kenya tangu 1925, alichunguza nyani na tumbili wa huko na mwaka 1947 akaeleza jinsi jamaa wa kimelea cha malaria, aliyepewa jina la Robert Koch, anavyokua ndani ya ini. Mwaka uliofuata, jijini London, yeye na Henry Shortt waliwatumia mbu wapatao 500 kumwambukiza tumbili mmoja. Siku ya saba walimkuta kimelea katika seli za ini lake. Muda si mrefu ushahidi wa binadamu ukafuata. Simulizi nyingi huanzia London. Kwa maoni yangu, kuanzia hapo ni kuikata hadithi kichwa.

Leo tunajua zaidi. Sporozoiti huteleza katika ngozi, huingia katika mshipa wa damu, na anapofika kwenye ini hupenya na kuvuka seli kadhaa kabla ya kuchagua moja na kujifungia humo ndani ya utando. Kwa kimelea cha falsiparamu, ambacho ndicho kikuu Uganda, kazi hiyo huchukua takribani wiki moja. Kisha maelfu ya merozoiti humwagika katika damu. Wiki hiyo mgonjwa haumwi, na kipimo cha damu hakioni kitu.

Hapa ndipo Bwaise inapoingia. Mtaa huu wa Kawempe, uliojengwa kwenye bonde la kinamasi cha Lubigi, hufurika mara kwa mara, na ni rahisi kila homa kuhesabiwa kuwa zao la mafuriko. Lakini wakazi wake husafiri vijijini kwa mazishi, mavuno na likizo. Apac, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kuumwa na mbu wenye maambukizi zaidi ya mara 1,500 kwa mtu kwa mwaka, ni safari ya basi tu. Kwa kuwa homa huanza kwa kawaida siku 9 hadi 14 baada ya kuumwa, anayeugulia Bwaise huenda aliambukizwa kwingine. Rejista ya zahanati isiyouliza safari za wiki mbili zilizopita humpa mtaro lawama ambayo huenda si yake, na bajeti ya dawa ya viluwiluwi hufuata lawama hiyo.

Chanjo za RTS,S na R21 hulenga protini iliyoufunika mwili wa sporozoiti, ili kumzuia kabla hajakaa kwenye ini. Uganda ilizindua utoaji wa chanjo ya malaria Aprili 2025, huko Apac.